Kabati Lililofika Kosele Kabla ya Kutengenezwa

Vijana wa ofisini waliponiaga mwezi uliopita walinipa saa ya ukutani, na mmoja wao akaniuliza kwa heshima kabisa kama enzi zetu tulikuwa tunachora makabati kwa makaa. Nilimwambia la, tulikuwa na kompyuta. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyanya yake aliwahi kushindana mbio za pikipiki. Haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake. Habari za vyeo nitaziruka, kwa sababu karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: mwenye mali na sisi wengine.

Niliajiriwa Migori katikati ya miaka ya tisini kama mpiga chapa. Mwajiri wangu, Bwana Abdalla, alikuwa mfanyabiashara kutoka pwani aliyefungua karakana ya samani karibu na soko. Alikuwa mtu mpole, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno, kiasi kwamba wateja walikuwa wakinivuta pembeni baadaye kuniuliza amesema nini. Siku yangu ya kwanza nilikuta taipureta imeondolewa mezani. Bwana Abdalla alikuwa amekwenda Nairobi kununua bawaba za milango, akarudi na kompyuta. Bawaba alizisahau.

“Mwanangu Adhiambo,” aliniambia, “kitu hiki kinachora kabati likawa kama limesimama mbele yako. Mteja ataona kwanza, ndipo mbao ikatwe. Hatutagombana na mtu tena.”

Hilo la kutogombana na mtu nililikumbuka sana baadaye.

Wa kunifundisha alitafutwa Isebania. Huyo alikuwa Mwalimu Chacha, mstaafu aliyefundisha michoro ya kiufundi shuleni kwa miaka mingi, mrefu, mkavu, mwenye penseli sikioni hata kanisani. Kompyuta hakuwahi kuigusa. Lakini kitabu cha maelekezo kilikuwa kinene kama Biblia, naye alikisoma jinsi watu wengi wanavyosoma Biblia, yaani kwa imani kubwa na kwa kuruka sehemu ngumu. Tulijifunza pamoja, yeye akiwa mbele yangu ukurasa mmoja.

Alichokijua kweli ni mwanga. “Hii mashine haijui kitu,” alikuwa akisema. “Wewe ndiwe utaiambia dirisha iko wapi na jua inaingilia wapi. Ukisahau, itakuchorea kabati inaelea kama puto.” Alinikalisha mbele ya kabati halisi dukani tangu asubuhi, nichore kivuli chake kwa penseli kila jua lilipogeuka. Nililalamika kwamba nimeajiriwa kubonyeza, si kutazama. Akasema kubonyeza hata kuku anaweza.

Somo lake la pili lilikuwa vyombo. Kabati tupu, alisema, ni jeneza lililosimamishwa. Mteja akiliona anaingiwa na baridi bila kujua kwa nini. “Weka vikombe. Weka chupa ya chai. Tandika kitambaa. Mtu aone maisha yake.” Nilijifunza kuchora vikombe zaidi ya nilivyojifunza kuchora mbao.

Ninyi mnabonyeza mara moja na picha iko tayari kabla hamjameza mate. Yetu ilikokotoa nukta moja baada ya nyingine, mstari mmoja baada ya mwingine kutoka juu kushuka chini, na picha moja ilikula siku nzima, stima ikikubali. Rangi ya mbao tuliipata kwa kuburuta skana ya mkono juu ya ubao wa mvule ambao fundi Ouma, mkuu wa maseremala, alikuwa ameupiga randa. Mkono ukitetemeka, nyuzi za mbao zilitoka kama mawimbi ya ziwa. Mteja mmoja alizipenda hivyo, akamwuliza Ouma mti huo unaota wapi.

Printa yetu haikuwa na rangi. Kwa hiyo picha ikikamilika tulifunga mapazia, tukaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, tukaipiga picha skrini yenyewe. Filamu ilikwenda studio ya jirani, ikarudi ikiwa picha ya kawaida ya karatasi inayong'aa, kama ya harusi au ya kipaimara. Na hapo ndipo penye kisa changu. Mtu wa Migori wakati ule aliujua mchoro, na aliijua picha ya studio. Mchoro ni mawazo ya mtu. Picha ya studio ni ushahidi. Kilichomo ndani yake kilikuwepo mahali fulani, siku fulani, la sivyo kamera ingekionaje?

Sasa nije kwa Mzee Ogola.

Mzee Ogola alikuwa mfanyabiashara wa mahindi. Mke wake wa kwanza, Mama Pamela, alikaa Kosele kwenye shamba. Wa pili, Mama Rose, aliendesha duka Isebania, ambako mzee alifanyia biashara ya mpakani. Mzee mwenyewe alikaa njiani. Alikuja kwetu akitaka kabati la vyombo lenye milango ya vioo kwa ajili ya nyumba ya Kosele, na akasema wazi kwamba habari hizo zisitembee.

Nilikwenda Kosele nikapima sebule ya Mama Pamela. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti inayofika barabarani. Alinipa uji, akanionyesha ukuta wa samawati, dirisha, na mahali ambapo kabati lingekaa. Nilirudi Migori nikachora kila kitu: ukuta ule, dirisha lile, pazia lile la maua, na kabati likiwa limesimama mahali pake, jua la asubuhi likiligusa ubavuni. Vikombe ndani, chupa ya chai juu, kitambaa chini yake. Mwalimu Chacha aliitazama kwa muda mrefu, akatoa penseli sikioni, akairudisha. Hakuwahi kunisifu zaidi ya hapo. Mpaka leo sioni kosa langu.

Mzee Ogola alipenda picha ile sana. Aliitia mfuko wa koti, akaenda nayo Isebania, akavua koti, akalala.

Juma lililofuata aliingia karakanani bila kubisha hodi. “Adhiambo! Mmenivunjia nyumba!”

Mama Rose alikuwa amepiga koti brashi. Akaona picha. Sebule ya mke mwenzake aliifahamu tangu msiba wa mama mkwe wao, na hapo katikati palikuwa na kabati kubwa la mvule, limejaa vikombe, linaonekana limezoea nyumba. Hakupiga kelele. Alifunga duka, akampa jirani ufunguo, akaenda kwao Mbita.

“Si ungemwambia ni mchoro tu?” nilimwuliza.

“Nimemwambia! Ananiuliza, mchoro gani hii iko na kivuli? Ananiuliza kama chai kwa hiyo chupa ilikuwa bado moto. Sasa shemeji zangu wameniita, na nikienda peke yangu wataniona mwongo. Wewe ndiye ulichora. Wewe utasema.”

Bwana Abdalla, ambaye kabati lile lilikuwa bado mbao kwenye banda lake, aliona heri nami niende. “Nenda ukawafahamishe, mwanangu. Wallahi sijapata kuona kabati lisilokuwepo likaachanisha watu.”

Tulikwenda kwa pikapu ya karakana. Mbita, nyumbani kwa kina Mama Rose, sebule ilikuwa imejaa wajomba na shangazi waliopanga viti kuzunguka kuta, na mzee akapewa kiti cha karibu na mlango, mahali pa mtu ambaye bado haijaamuliwa kama ni mgeni au mshtakiwa. Mama Rose alikuwa mwembamba, mtulivu, mikono imekunjwa mapajani. Picha ilipita mkono kwa mkono. Nikasimama nikaeleza: hili kabati halipo, nimelichora mimi, kwa kompyuta.

Kaka yake Mama Rose, Okeyo, mjenzi wa mashua, alisikiliza hadi mwisho. “Dada, mimi pia nachora,” alisema. “Nachora mashua kwa mchanga kabla nikate mbao. Lakini mchoro yangu haijawahi kuwa na kikombe ndani. Hiki kikombe kina mpini. Mpini una kivuli. Ulikuwa unachora kabati ama ulikuwa unakunywa chai?”

Watu walicheka. Mimi nilitamani Mwalimu Chacha angekuwepo, ajibu mwenyewe habari za vikombe.

“Twende Kosele sote, mkajionee,” nikasema.

Mama Rose akaongea kwa mara ya kwanza. “Niende kwa nyumba ya nyieka, mke mwenzangu, nipekue kama polisi? Siendi. Na mkitaka kuificha mtaificha. Kosele iko na watu wengi wenye nguvu ya kubeba kabati.”

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Niliona mambo yanaharibika, na Mzee Ogola kando ya mlango alikuwa amejikunja kama mtu anayesubiri sindano. Nikatazama huku na huku. Kwenye kona moja, chini ya kalenda, palikuwa wazi, pana mtungi wa maji tu. Nikamgeukia mama yake Mama Rose, bibi mzee mwenye macho makali, nikamwuliza, “Dani, bibi yangu, hapo kwenye kona pamewahi kuwa na kabati?”

“Kabati? Hapo ni pa mtungi tangu niolewe.”

“Basi nipe ruhusa nipime.”

Nilipima ukuta, dirisha na kalenda, nikapiga picha chache za nyumba, nikaomba waniruhusu nirudi. Waliniruhusu, nadhani kwa sababu walitaka kuona mwisho wa uongo wenyewe.

Migori nilifanya kazi ile kama mtu anayesoma kwa mtihani. Mwalimu Chacha alishughulikia mtungi. Alisema mtungi ni mgumu kuliko kabati kwa kuwa hauna pembe. Picha iliposafishwa studio, nilirudi Mbita nayo, na mara hii sikuhutubu. Nilimpa bibi.

Aliishika mbali na macho, kisha karibu. Akainuka nayo, akaenda mpaka kwenye kona. Kwenye picha, chini ya kalenda yake, kando ya mtungi wake, palisimama kabati la milango ya vioo. Aliunyoosha mkono wake wa kushoto taratibu mahali ambapo kabati lilipaswa kuwa, akapapasa hewa. Akaitazama picha. Akapapasa tena, chini zaidi.

“Yawa,” alishangaa. “Haipo.”

Okeyo alichukua picha akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kimebandikwa. “Basi kesho mtu anaweza kuleta picha yangu niko ndani ya mashua ya wizi,” akasema, na hakuwa anafanya mzaha. Nimelikumbuka neno lake mara nyingi miaka hii ya karibuni, nikitazama mnayoyatengeneza ninyi.

Nilidhani nimeshinda. Nikaanza hata kuuokota mkoba wangu. Mama Rose akaniita jina.

“Adhiambo. Kwa hivyo Mama Pamela hana kabati.”

“Hana.”

“Lakini mzee alikuja kwenu akaomba achorewe.”

“Ndiyo.”

“Ya nyumba ya Kosele.”

“Ndiyo.”

“Na ya Isebania aliomba?”

Nilimtazama Mzee Ogola. Mzee Ogola alikuwa anautazama mtungi.

“Hakuomba,” nikasema.

“Basi hiyo picha haikuwa uongo sana,” alisema Mama Rose, akatoka nje. Mbao hazikuwepo, vikombe havikuwepo, lakini nia ya mzee ilikuwepo, na hiyo ndiyo iliyokuwa imemuumiza. Niliondoka Mbita nikiwa nimethibitisha ukweli wangu na sijamsaidia mtu.

Picha ya pili bibi alikataa kunirudishia. Aliitundika ukutani juu ya ile kona, na wageni wakaanza kuisifu. Haukupita muda, mchuuzi wa samaki aliyekuwa akitoka Mbita kwenda soko la Kosele akamwambia Mama Pamela kwamba wakwe wa mumewe wamejengewa kabati ambalo hata mkuu wa shule hana.

Mama Pamela hakwenda kwao. Alikuja Migori. Nilisikia sauti yake ikikaribia kabla ya yeye mwenyewe. Nilipomaliza kumweleza aliketi kwenye rundo la plaiwudi akajipepea. “Kwa hivyo nyieka anaona yangu haipo, na mimi naona yake haipo, na sisi wote tumekasirika kabisa?”

“Ndivyo ilivyo, mama.”

“Na mzee yuko wapi?”

“Tunadhani njiani.”

Bwana Abdalla ndiye aliyesema waitwe wote wawili. “Waketishwe mbele ya mashine. Walione kabati likizaliwa. Shuhuda wa macho hana haja ya picha.” Mwalimu Chacha alipinga, akasema chumba ni kidogo na skrini ni mali. Lakini Mama Rose alipopelekewa ujumbe alijibu kwamba atakuja, kwa sharti moja: mume wake asiwe ndani ya chumba.

Walifika asubuhi. Nikaweka kiti kimoja kulia kwangu, kingine kushoto, kompyuta katikati kama mtoto anayegombaniwa. Mzee Ogola alikaa nje na maseremala. Wake zake walisalimiana jinsi watu wanavyosalimiana benki. Nikaanzisha picha. Mstari wa kwanza ukatokea juu kabisa ya skrini, kisha wa pili. Ulikuwa ukuta. Kwa muda mrefu ilikuwa ukuta tu.

“Ndiyo hiyo?” aliuliza Mama Pamela.

“Inakuja.”

Ilikuja mpaka ukingo wa juu wa kabati ukaonekana, na stima ikapotea. Jenereta ilikuwa haina mafuta. Stima iliporudi nikaanza tena kutoka juu, ukuta, ukuta, ukuta. Kila mmoja aliangalia upande wake wa skrini. Nilitoka kuagiza chai, na nikiri kwamba nilikawia kurudi.

Niliporudi walikuwa wanazungumza Dholuo, kwa sauti ya chini, na viti vilikuwa vimesogea. Hawakuwa wakizungumza habari za kabati. Mama Rose alikuwa akisema mzee humwambia haji Isebania mara nyingi kwa sababu Kosele kuna mavuno. Mama Pamela alikuwa akishangaa mavuno gani hayo, kwa kuwa yeye huambiwa mzee amezuiwa Isebania na wateja wa Sirare, ng'ambo ya mpaka. Waligeuka wakanitazama, kama nami nilikuwa nimechora hilo.

“Sisi tunagombania kabati,” Mama Pamela alisema, “na mwenye kabati hatujui analala wapi.”

Wakacheka. Kwanza Mama Rose, bila sauti, mabega yakitikisika. Kisha Mama Pamela, kwa sauti ile yake, mpaka maseremala nje wakaacha kupiga misumari. Nilimchungulia Mzee Ogola dirishani. Alikuwa amesimama. Hakuna kinachomtisha mume kama huyo kuliko kusikia wake zake wakicheka pamoja.

Stima ilikatika tena mchana na hawakujali. Walikula samaki niliowaagizia, wakatumia sahani moja. Jioni ilipokaribia, kabati lilikuwa limefika magotini, na wakaanza kunipa maagizo. Droo ziwe tatu. Milango ya chini iwe na kufuli. Makabati yawe mawili, sawa kwa sawa, asiwepo wa kupima lipi limezidi. Mzee aliitwa ndani. Alikubali kila kitu kabla hajaulizwa.

“Na Adhiambo,” Mama Pamela alisema akifunga leso, “hii mashine yako inaweza kuchora huyu mzee akiwa amekaa nyumbani?”

Mwalimu Chacha, ambaye alikuwa amesimama mlangoni siku nzima, alijibu kwa niaba yangu. “Kuchora inaweza, mama. Lakini kama fundi mwaminifu ningekushauri usiagize kitu ambacho haiwezi kujengwa.”

Mimi hupenda kufikiri kwamba kama mashine yetu ingekuwa na kasi kama zenu, wanawake wale wangetazama, wakaamini, na wakarudi makwao kila mmoja na hasira yake ikiwa nzima. Siwashauri mpunguze kasi. Nasema tu msiwafukuze wateja kwenye viti mapema.

Ouma alijenga makabati yote mawili, akinilaumu kila siku kwamba picha yangu inamtukana, kwa kuwa mvule wangu haupasuki. La Isebania lilikwenda kwanza, maana Mama Rose alikuwa amesharudi dukani. Nilipanda pikapu pamoja nalo, nione kazi yangu ikiwa mbao. Mzee Ogola alikuwepo, jambo ambalo majirani walilizungumzia zaidi ya kabati. Maseremala waliliingiza, wakalisimamisha ukutani, wakatoka.

Mama Rose alilizunguka. Aligusa kioo, akaacha alama ya vidole, akaifuta kwa kanga. Akashika droo ya katikati akavuta. Ilikwama. Akavuta kwa nguvu, droo ikalia kama mbuzi, ikatoka nusu, ikagoma.

Ouma alifungua mdomo kujitetea. Mama Rose alimwinulia mkono anyamaze. Akaisukuma droo ndani, akaivuta tena, ikakwama tena pale pale, na uso wake mwembamba ukakunjuka.

“Hii,” alisema, “iko.”